Anzia nyuma: jinsi ya kufungua maneno marefu ya Kiingereza kwa mizizi ya Kilatini

Ingia duka lolote la pembejeo, liwe la Tarime mjini au la Mugumu kule Serengeti, kisha tazama rafu ya dawa. Utaona chupa zinazofanana kwa ukubwa, lakini moja imeandikwa “insecticide”, nyingine “herbicide”, na ya tatu “acaricide”. Ya kwanza inaua wadudu, kama viwavijeshi wanaotafuna mahindi. Ya pili inaua magugu. Ya tatu inaua kupe, ndiyo ya kuogeshea ng'ombe. Mtu akichukua ya pili akidhani ni ya kwanza, akaijaza kwenye bomba na kupulizia shamba lake, viwavi wataendelea kula. Na kutegemea aina ya dawa, mahindi yenyewe yanaweza kukauka. Msimu umekwenda hivyo.

Lebo nyingi zina maelezo ya Kiswahili pia, tena kwa herufi ndogo. Lakini hebu tuyatazame yale maneno makubwa matatu. Yote yanaishia na “-cide”. Mkia huo umetoka kwenye kitenzi cha Kilatini “caedere”, yaani kukata au kuua. Kilichotangulia mkia kinakuambia kinachouawa: “herba” ni majani, “insectum” ni mdudu, na “acar-” ni neno la Kigiriki la utitiri, ndugu yake kupe. Vipande vinne, chupa tatu. Na siku ukikutana na “fungicide” hutahitaji kuambiwa kuwa ni dawa ya kuvu.

Makala hii inahusu ujanja huo. Tunataka kukuonyesha jambo moja tu: kama unazungumza Kiswahili, au Kikurya, au Kingoreme, au Kiikoma, basi kazi ya kuvunja maneno vipande unaijua tayari. Unaifanya kila siku bila kufikiri. Kilichobaki ni kuihamishia kwenye Kiingereza cha darasani, na kujua kwamba huko maneno mengi husomwa kutoka nyuma.

Kwa nini Kiingereza cha sekondari kinaonekana kama lugha nyingine?

Unaijua hali yenyewe. Mtoto anasoma shule ya msingi ya serikali kwa Kiswahili miaka yote. Anafaulu. Anaingia kidato cha kwanza, na ghafla Biolojia, Jiografia, Kemia, vyote vimekuwa Kiingereza. Tatizo hili si la jana. Mwaka 1984 watafiti wawili, Criper na Dodd, walipima Kiingereza cha wanafunzi wa Tanzania na kuripoti kwamba wengi wa sekondari hawakuwa na lugha ya kutosha kujifunzia masomo mengine. Mjadala kuhusu lugha ya kufundishia umeendelea tangu hapo mpaka leo.

Lakini kuna kitu ambacho wanafunzi wengi hawaambiwi. Kiingereza kina tabaka mbili. Tabaka la chini ni maneno mafupi ya nyumbani: “water”, “eat”, “see”, “dog”. Hayo ni ya asili ya Kigermanik, na ndiyo uliyofundishwa shule ya msingi. Tabaka la juu ni maneno marefu ya kitaaluma: “aquatic”, “consume”, “vision”, “canine”. Mengi ya hayo yametoka Kilatini na Kigiriki. Kwa hiyo mwanafunzi aliyejua “water” vizuri kabisa anafika fomu wani na kukutana na “aquatic”, wala hakuna herufi inayomwonyesha kwamba ni maji yale yale.

Tabaka hili la juu lilijengeka polepole. Dini ya Kikristo ilipofika kwa Waingereza mwishoni mwa karne ya 6 ilikuja na Kilatini chake. Mwaka 1066 Wanormani waliivamia Uingereza wakaleta Kifaransa, ambacho ni mtoto wa Kilatini. Kisha wanasayansi wa Ulaya wakaendelea kuandika kwa Kilatini karne nyingi baada ya lugha hiyo kukosa wasemaji wa nyumbani. Isaac Newton alichapa kitabu chake cha kanuni za mwendo mwaka 1687 kwa Kilatini. Carl Linnaeus wa Uswidi naye, alipopanga majina ya mimea na wanyama katikati ya karne ya 18, alitumia Kilatini hicho hicho.

Matokeo yake yanapimika. Mwaka 2000 mtafiti Averil Coxhead alitoa orodha ya familia 570 za maneno yanayojirudia sana katika maandishi ya kitaaluma ya Kiingereza. Zaidi ya asilimia 80 ya maneno hayo yana asili ya Kilatini au Kigiriki. Yaani ukiamua kujifunza mizizi, unajifunza kile hasa kinachokusumbua kwenye kitabu cha kiada.

Wala tabaka mbili si jambo geni kwako. Kiswahili nacho kina maneno ya Kibantu na maneno ya Kiarabu. Weka pamoja kitabu, katibu, maktaba, mkataba na katiba. Unaona k, t na b zinavyojirudia? Ni mzizi wa Kiarabu unaohusu kuandika. Ukishaona hilo, maneno matano yamekuwa familia moja.

Wewe ni fundi wa kazi hii tayari

Chukua neno “hatutawasomesha”. Kwenye kipindi cha Kiswahili ulifundishwa kulichambua: ha- ya kukanusha, -tu- ni sisi, -ta- ni wakati ujao, -wa- ni wao, -som- ndiyo mzizi, -esh- ni kusababisha, na -a ya mwisho. Neno moja lina vipande saba. Hakuna aliyekukaririsha neno hilo. Ulijua vipande, ukaelewa.

Kikurya hufanya hivyo hivyo. Wakurya wanajiita Abakuria, na lugha yao ni Igikuria. Ile aba- ni wa- ya Kiswahili, na igi- ni ki-. Lugha nyingine za wilaya hizi mbili, kama Kingoreme, Kiikoma na Kinata, nazo ni za Kibantu. Jirani wa Rorya anayezungumza Kijaluo nyumbani hana lugha ya Kibantu ya kuanzia, lakini Kiswahili chake kinamtosha kwa kazi hii.

Sasa cheki hili. Kwenye simu yako kuna faili za “audio” na “video”. Kwa Kilatini “video” si kitu, ni sentensi kamili: maana yake “naona”. Ukitaka kusema “unaona” unasema “vides”. “Anaona” ni “videt”. Mzizi unakaa palepale, kinachobadilika ni kipande kinachosema nani anatenda. Tofauti ni kwamba Kiswahili kinamweka mtendaji mbele na Kilatini kinamweka nyuma. Na “audio” je? Ni “nasikia”. Ndiyo maana “audible” ni kinachosikika, na “audience” ni watu wanaosikiliza.

Kanuni moja: anzia nyuma

Hapa ndipo penye ufunguo. Kiswahili kikiunganisha maneno, kwa kawaida kinatanguliza tendo: kiuagugu ni ki- + ua + gugu. Walanyama ni wa- + la + nyama. Usanisinuru ni usanisi + nuru. Kilatini na Kigiriki hugeuza mpangilio: kinachotendwa mbele, tendo nyuma.

“Herbicide”: majani + kuua. Geuza, umepata kiuagugu.

“Carnivore”: “caro, carnis” ni nyama, “vorare” ni kula kwa pupa. Nyama + kula. Geuza, umepata mlanyama.

“Photosynthesis”, ambalo ni la Kigiriki: nuru + usanisi. Geuza, umepata usanisinuru.

Kumbe waliotunga istilahi za Kiswahili walitumia vipande vile vile, wakavipanga kwa utaratibu wa lugha yetu. Kwa hiyo ukikutana na neno refu lililounganishwa namna hii, usilikimbilie kichwani. Tazama mkia kwanza, uulize: hiki kinafanya nini? Kisha rudi mbele uulize: kinakifanyia nini?

Simba ni “carnivore”, nyumbu ni “herbivore”. Anayekula wadudu ni “insectivore”. Nguruwe anayekula kila kitu je? “Omnis” ni yote, kwa hiyo ni “omnivore”. Na hilo “omnis” umelipanda mara nyingi. Zamani Wafaransa waliita gari la abiria “omnibus”, yaani “kwa ajili ya wote”. Waingereza wakakata kichwa wakabakiza mkia, “bus”, nasi tukasema basi. Basi la Tarime kwenda Mwanza limebeba mwisho wa neno la Kilatini.

Mizizi iliyo kwenye ardhi ya Mara

Tuanze na hifadhi. Kila mwaka nyumbu zaidi ya milioni moja huzunguka katika ikolojia ya Serengeti na kuvuka Mto Mara. Kiingereza huita “migration”, kutoka “migrare”, kuhama. Sasa nenda Sirari, mpakani na Kenya. Ofisi inayogonga pasipoti kwa Kiingereza ni “Immigration”. Ni “in-”, ndani, pamoja na “migrare” ile ile. Kiswahili kimefanya kazi hiyo kwa herufi moja: nyumbu wana uhamaji, ofisi ni ya uhamiaji. Ile -i- ya “hamia” ndiyo “in-” ya Kilatini.

Majina ya kisayansi ya wanyama nayo hufunguka. Mbwa mwitu wa Afrika ni Lycaon pictus. “Pictus” ni kilichopakwa rangi, na ukiona yale mabaka yake meusi, meupe na ya kahawia utakubali. Humo humo ndimo ilimotoka “picture”, na kwetu ikawa picha. Kiboko ni Hippopotamus amphibius, kwa Kigiriki: “hippos” farasi, “potamos” mto, “amphi” pande mbili, “bios” uhai. Farasi wa mtoni mwenye maisha ya pande mbili, majini na nchi kavu. Kijana anayesomea kuongoza watalii akijua hivyo, jina limekaa kichwani na hadithi ya kumsimulia mgeni imepatikana.

Twende Tarime, upande wa Nyamongo kwenye dhahabu. Kwenye jedwali la elementi dhahabu ni Au. Kwa nini si G, wakati Kiingereza ni “gold”? Kwa sababu Berzelius wa Uswidi, alipopendekeza alama hizi mwanzoni mwa karne ya 19, alitumia majina ya Kilatini. Dhahabu ni “aurum”, fedha ni “argentum” ndiyo Ag, chuma ni “ferrum” ndiyo Fe, risasi ni “plumbum” ndiyo Pb. Argentina imepata jina lake kwenye fedha hiyo hiyo. Na fundi bomba huitwa “plumber” kwa sababu mabomba ya zamani yalikuwa ya risasi.

Sasa zebaki. Alama yake ni Hg, kutoka “hydrargyrum”, yaani maji ya fedha, maana inang'aa kama fedha na inatiririka kama maji. Wachimbaji wadogo huitumia kunasa chembe za dhahabu kutoka kwenye mawe yaliyosagwa, kisha huchoma mchanganyiko ili zebaki iondoke. Inakwenda wapi? Lebo inajibu kwa neno moja: “volatile”. “Volare” ni kuruka kama ndege. Haipotei, inaruka hewani ikiwa mvuke. Onyo lingine linasema usi-“inhale”: “in-” ndani, “halare” kupumua. Mvuke huo ukivutwa huharibu mfumo wa neva na figo, na mtoto aliyekaa karibu na moto anauvuta kama aliyeshika karai. Neno “toxic” lenyewe kwa asili yake ya Kigiriki lilihusu sumu ya kupaka kwenye mishale, jambo ambalo wazee wa pande hizi hawahitaji kufafanuliwa.

Mwaka 2013 nchi nyingi zilikubaliana Mkataba wa Minamata wa kupunguza matumizi ya zebaki. Mkataba ni muhimu, lakini anayeshika chupa mkononi anahitaji kusoma kilichoandikwa juu yake.

Mizizi 10 ya kuanzia

Hii hapa orodha ya kuanzia. Ukiitazama vizuri utaona baadhi ya watoto wa mizizi hii wameshahamia Kiswahili.

- port- (beba): “import”, ingiza, “export”, toa nje, “transport”, beba kuvusha, “portable”, kinachobebeka.
- tract- (vuta): “extract”, vuta nje, “attract”, vuta kuja kwako, “subtract”, vuta kutoka chini, yaani toa kwenye hesabu. Na trekta, kivutaji.
- duc-, duct- (ongoza): “conductor” wa umeme kwenye Fizikia na konda wa daladala ni neno moja. Pia “reproduction”.
- spect- (tazama): “inspect”, kagua, “spectator”, mtazamaji, “prospect”, tazama mbele. Leseni ya utafutaji madini kwa Kiingereza ni ya “prospecting”.
- sect- (kata): “dissect”, pasua, “bisect”, kata nusu kwa nusu, “intersect”, katana. Na “insect”, kwa sababu mwili wa mdudu ni kama umekatwa sehemu sehemu.
- aqu- (maji): “aquatic”, wa majini, “aqueous solution”, mmumunyo wa maji.
- terr- (ardhi): “terrestrial”, wa nchi kavu, “territory”, eneo la ardhi.
- ped- (mguu): “quadruped”, mwenye miguu minne, “pedestrian”, mtembea kwa miguu, na pedeli ya baiskeli.
- dict- (sema): “predict”, sema kabla, “contradict”, sema kinyume, “dictionary”, kamusi.
- scrib-, script- (andika): “describe”, “prescription”, “manuscript”.

Jongoo huitwa “millipede”, miguu 1000. Kwa muda mrefu lilikuwa jina la kutia chumvi, mpaka mwaka 2021 wanasayansi walipoeleza aina moja kutoka Australia yenye miguu zaidi ya 1300. Tandu ni “centipede”, miguu 100, na hiyo “centum” ndiyo iliyo kwenye sentimita na kwenye senti ya shilingi.

Viambishi vinavyolingana na vyetu

Mizizi peke yake haitoshi. Unahitaji vipande vidogo vinavyoizunguka, na hapa Kiswahili kinakubeba kweli kweli.

“-able” au “-ible” ni -ika au -eka yetu: “visible” kinachoonekana, “audible” kinachosikika, “edible” kinacholika. “-tion” mara nyingi ni jina la tendo, kama u-...-aji: “migration”, uhamaji. “-or” ni mtendaji, kama m-...-aji: “spectator”, mtazamaji. “Pre-” ni kabla, “re-” ni tena au nyuma, “sub-” ni chini, “trans-” ni kuvuka, “inter-” ni kati ya, kama -ana yetu.

Kingine kitamu ni ki- ya udogo. Sisi tunasema mji, kijiji, mtoto, kitoto. Kilatini kilikuwa na “-ulus” na “-culus”. “Mus” ni panya, “musculus” ni kipanya, na hapo ndipo ilipotoka “muscle”, msuli, kwa sababu mtu akikunja mkono msuli unacheza kama panya mdogo chini ya ngozi. “Molecule” ni kitungamo kidogo. “Corpuscle” ni kimwili, jina la chembe za damu. Ukiona “-cule” au “-cle” kwenye Biolojia, fikiria ki-. Mara nyingi utakuwa sawa.

Maneno ya mtihani yenyewe

Wanafunzi wengi hupoteza alama kwa sababu hawakuelewa wameambiwa wafanye nini, wakati jibu lenyewe wanalo. Mizizi inasaidia hapo pia.

“Define” ina “finis”, mpaka au mwisho, neno lile lile lililotupa fainali. Ukiambiwa “define osmosis”, unatakiwa kuweka mpaka: nini kimo ndani ya osmosisi na nini hakimo. “Describe” ni andika kitu kilivyo, kwa hiyo usitoe sababu kama hujaulizwa. “Compare” ina “par”, sawa: weka vitu viwili sambamba uone vinalingana wapi. “Deduce” ni ongoza kutoka: anza na taarifa uliyopewa, uifuate mpaka kwenye hitimisho. Jibu la “deduce” lisiloshika taarifa ya swali halijafika, hata kama ni kweli.

Mitego

Sasa tuwe wakweli, ujanja huu una mitego, na mmoja unaweza kuua.

Kipande “in-” kina kazi mbili. Kwenye “invisible” ni “si”: kisichoonekana. Kwenye “inhale” ni “ndani”. Je, “inflammable”? Ukikisia “kisichoshika moto” umekwisha. Hapa “in-” ni ndani na “flamma” ni mwali: ni kitu kinachoshika moto upesi, kama petroli. “Flammable” na “inflammable” ni kitu kile kile. Ndiyo sababu siku hizi maonyo mengi huandikwa “flammable” tu. Ukiona lolote kati ya hayo mawili kwenye dumu, peleka kiberiti mbali.

Mtego wa pili ni mizizi inayofanana kwa sura. “Port-” ya “export” ni kubeba, lakini “port” ya “airport” ni bandari, “portus”.

Wa tatu ni maana zilizohama. “Septem” ni 7, “octo” ni 8, “novem” ni 9, “decem” ni 10. Mbona Desemba ni mwezi wa 12? Kwa sababu mwaka wa Warumi wa zamani ulianza Machi. Mwanzo wa mwaka ulihama, jina likabaki. Na “candidate”, yaani wewe mtahiniwa, asili yake ni “aliyevaa nyeupe”, kwa sababu wagombea wa Roma walivaa majoho yaliyong'arishwa. Mzizi hukuambia neno limetoka wapi. Haukuhakikishii limefika wapi.

Kwa hiyo fuata utaratibu huu, ambao wataalamu wa msamiati kama Paul Nation wamekuwa wakiupendekeza: kwanza soma sentensi nzima ukisie maana kwa muktadha. Pili, vunja neno uone kama vipande vinakubaliana na kisio lako. Tatu, thibitisha kwenye kamusi. Vipande ni shahidi, hakimu ni kamusi.

Ufanyeje kuanzia kesho?

Chukua daftari dogo. Kila ukurasa uwe wa mzizi mmoja. Juu andika mzizi na maana yake kwa Kiswahili, na kama unajua, kwa lugha ya nyumbani. Chini yake andika maneno unayokutana nayo kwenye vitabu vya masomo yote, pamoja na sentensi fupi kwa kila neno. Mizizi 3 kwa wiki inatosha. Usikariri orodha ndefu usizokutana nazo popote, zitatoka kichwani kama maji kwenye tenga.

Kama wewe ni mwalimu wa Biolojia au Kemia, dakika mbili za mwanzo wa mada zinatosha. Andika neno jipya ubaoni, likate kwa mistari, waulize wanafunzi mkia unasema nini. Na kama mwenzako wa Kiswahili anafundisha mofimu wiki hiyo, semezaneni. Mzizi na viambishi vya kipindi chake ndivyo hivyo hivyo vya kipindi chako.

Haya hayatatatua kila kitu. Mizizi ya Kilatini haitakufundisha matamshi, wala vitenzi vifupi vya mtaani kama “get” na “put”, wala kupanga sentensi. Na swali la kama mtoto wa Tanzania angejifunza sayansi vizuri zaidi kwa Kiswahili linabaki mezani. Istilahi kama usanisinuru zinaonyesha kwamba lugha yetu ina uwezo. Lakini mtihani wa kidato cha nne hausubiri mjadala uishe. Kwa sasa maneno ni hayo, na yana vishikio.

Kabla hujaondoka, jaribu manne bila kamusi: “piscivore”, “subterranean”, “suicide”, “transaquatic”. Dokezo: “piscis” ni samaki, “sui” ni mwenyewe.

Majibu: la kwanza ni mla samaki, kama tai anayewinda ziwani. La pili ni cha chini ya ardhi, kama mgodi wa shimo. La tatu ni kujiua. Na la nne? Tumelibuni sisi. Hulikuti kwenye kamusi, lakini kama umekisia “cha kuvuka maji”, ukawaza nyumbu pale Mto Mara, umeshaelewa kazi.